Aliyemshinda Mwana wa Mlezi Mkuu

Jina la nchi yetu siwezi kulitaja hapa. Sheria inataka kila likitajwa liambatane na sifa zake zote, na nikiziandika zote hadithi yenyewe itakosa pa kukaa. Itoshe kusema kwamba ni nchi yenye tabia njema kuliko nchi zote duniani. Haya si majivuno. Tuliyatangaza wenyewe redioni na hakuna aliyejitokeza kupinga.

Mimi nilikuwa mtangazaji wa michezo wa Redio ya Taifa. Kazi yangu ilikuwa kuwaweka wasikilizaji roho juu katika mashindano ambayo mshindi wake tulikuwa tunamjua tangu wiki iliyotangulia. Msidhani ni kazi nyepesi. Inataka koo, na inataka imani.

Wakati ninaousimulia, mshindi alikuwa Shaweji. Huyu alikuwa mtoto wa pekee wa Mlezi Mkuu, yaani kiongozi wetu, ambaye hakupenda kuitwa rais kwa sababu marais huondoka. Kijana alikuwa mwembamba, mpole, mwenye miguu mirefu, na alipenda kukimbia tangu utotoni. Baba yake alipoliona hilo alifurahi kama baba yeyote. Na Waziri alipoona Mlezi Mkuu amefurahi, akafurahi kama waziri yeyote.

Waziri huyo aliitwa Mheshimiwa Mbwiga, Waziri wa Michezo, Maadili na Makofi. Ndiye aliyepeleka bungeni Sheria ya Uungwana Michezoni. Kabla yake uungwana ulikuwa jambo la hiari tu: wachezaji walipeana mikono, aliyeanguka aliinuliwa, aliyeshindwa alimpongeza aliyeshinda, basi, bila utaratibu wowote. Waziri aliona huo ni uholela.

"Uungwana ni nini?" aliwauliza wabunge, huku akipangusa miwani. "Uungwana ni kumfikiria mwenzako. Sasa, waheshimiwa, katika mwenzako na mwenzako, yupo mwenzako anayestahili kufikiriwa kuliko wenzake wote. Nadhani tunaelewana."

Walielewana. Sheria ikapita kwa vigelegele.

Tangu hapo Shaweji hakushindwa kamwe. Kila alipokimbia, wenzake walifika kona ya mwisho wakiwa salama kabisa, na hapo ndipo walipokumbwa na maradhi ya ajabu: huyu kabanwa na misuli, yule kachomwa na kichomi, mwingine kaingiwa na mdudu jichoni, tena macho yote mawili. Aliyemfuata Shaweji alivishwa Nishani ya Uungwana. Kwa hiyo mashindano makali kuliko yote niliyowahi kuyatangaza maishani mwangu yalikuwa ya kugombea nafasi ya pili. Watu walivutana fulana, walipigana viwiko, walitegana miguu, na nakumbuka mmoja alimng'ata mwenzake bega, ili apate nishani ya tabia njema.

Siku moja mkimbiaji mgeni kutoka milimani, ambaye kwao redio haikamati vizuri, alimpita Shaweji kwa bahati mbaya. Alipozitazama nyuso za jukwaa kuu akatambua alichofanya. Aligeuka, akakimbia kurudi nyuma, akapiga magoti kwenye njia ya Shaweji kumwomba radhi. Shaweji ilibidi amruke.

*

Kijana hakuwa mjinga. Alikuwa mtoto wa ikulu tu, na mtoto wa ikulu huchelewa kuelewa mambo kwa kuwa kila mtu humwahi kumfungulia mlango.

Aliyaelewa siku kamba ya kiatu chake ilipofunguka. Alikuwa mbele, katikati ya mbio. Akasimama pembeni akainama kuifunga, akitegemea kwamba wenzake watampita na itambidi awakimbize. Hakupitwa na mtu. Alipogeuza shingo aliona wakimbiaji wote wamesimama nyuma yake, wanapiga miguu palepale kama askari gwarideni, wanamsubiri amalize fundo. Wengine walimtabasamia kumpa moyo.

Mmoja tu ndiye hakuwa akipiga miguu. Alisimama wima, ameinamisha uso, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake yuko uchi.

Mimi redioni nilisema, "Na sasa Shaweji anawapa wapinzani wake nafasi ya kupumua, uungwana ulioje!" Nilikuwa nimeandaliwa maneno ya dharura.

Aliyeinamisha uso aliitwa Mhoja. Alikuwa askari magereza, kwa sababu katika nchi yetu mkimbiaji hodari asiye na ndugu mkubwa huajiriwa na magereza apate mshahara na raba. Alizaliwa kwenye mashamba ya chumvi, akaoa huko huko, na kila alfajiri alikimbia kando ya mabwawa ya chumvi kabla ya kwenda zamu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Katika kona ya mwisho alipata kichomi kama wengine, kwa kuwa alikuwa na mke na alikuwa na kazi, lakini watu waliomfahamu walisema kila akitoka kwenye kichomi chake hali chakula hadi kesho yake.

Wiki ile ile Shaweji alimfuata kwenye mabwawa, peke yake, amevaa kofia ya kuficha uso. Haya aliniambia yeye mwenyewe, baadaye, wakati hakukuwa tena na cha kuficha.

"Kaka Mhoja," alisema, "nina swali, na sina mwingine wa kumuuliza. Mimi ni mkimbiaji?"

Mhoja alisimama kwa heshima, mikono ubavuni. "Wewe ni bingwa wa taifa, mtukufu."

"Sikuuliza hilo."

Mhoja aliyatazama maji ya chumvi, kisha akamtazama kijana. Aliona, hivyo ndivyo alivyomwambia mkewe, mtu aliyekaa na kiu miaka mingi huku amezungushiwa mitungi mitupu.

"Sijui," alijibu. "Hakuna ajuaye. Hujawahi kukimbizana na mtu."

"Basi nikimbize."

Wakakimbia mpaka kwenye ghala la mwisho. Mhoja alimwacha mbali sana, akafika, akakaa juu ya gunia akimngojea. Shaweji alifika akatapika. Kisha akaketi chini kwenye chumvi akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na Mhoja akaogopa kwamba amemvunja mtoto wa Mlezi Mkuu.

"Nimeshindwa," Shaweji alisema, kama mtu anayelionja neno. "Kaka, nimeshindwa!"

*

Tangu siku hiyo wakawa wanakimbia pamoja. Mhoja alimfundisha kupumua, kutawala mabega, kutunza nguvu kwa ajili ya mwisho. Hakumhurumia hata siku moja. Na kijana, kumbe, alikuwa na kipaji cha kweli. Miezi ilipita, umbali kati yao ukapungua, hadi ikawa Mhoja naye akifika ghalani anashika magoti na kuhema.

Baadaye walikuwa wakinywa uji nyumbani kwa Mhoja. Mkewe, Siwema, aliwawekea bakuli bila kukaa. Alikuwa mwanamke mwenye macho makali na sauti ya chini.

"Shemeji," alimwambia Shaweji siku moja, "uji nitakupa, maana umekuja nyumbani kwangu. Lakini nakuomba kitu. Usituletee msiba."

"Nitaleta msiba gani, shemeji? Tunakimbia tu."

"Katika nchi hii," Siwema akasema, "hakuna anayekimbia tu."

Zilipokaribia Mbio za Uungwana, ambazo hufanyika siku ya kuzaliwa Mlezi Mkuu, Shaweji alimwambia Mhoja alichokuwa akikitaka siku zote. Alitaka wakimbie siku ile kama wanavyokimbia huku chumvini.

"Unajua unaniomba nini?" Mhoja akamuuliza.

"Nakuomba uniheshimu mbele ya watu kama unavyoniheshimu hapa."

"Na nikikushinda?"

"Nitakushika mkono niuinue. Mimi ndiye mtoto wake, kaka. Nani atakugusa?"

Mhoja alikwenda zamu. Jioni alimweleza mkewe. Siwema hakupiga kelele. Alimuuliza tu kama anadhani kijana anaweza kumlinda. Mhoja akasema hadhani. Akamuuliza, basi kwa nini? Mhoja akasema, "Kwa sababu hajawahi kuniomba kitu kingine. Na kwa sababu kile kichomi, mke wangu, kimeanza kuniuma kweli."

*

Asubuhi ya mbio, Mheshimiwa Mbwiga aliwakusanya wakimbiaji chini ya jukwaa, Shaweji akiwa hayupo, kuwagawia maradhi yao.

"Wewe, kubanwa na misuli, kona ya tatu. Wewe kichomi. Wewe ulikuwa na kichomi mwaka jana, mwaka huu utajikwaa. Mhoja, wewe utakuwa wa pili, kwa hiyo utachoka tu, uchovu wa kawaida, wa heshima." Akawatazama kama baba. "Vijana wangu, kumbukeni kwamba kushinda si kitu. Kitu ni moyo wa kimichezo. Yeyote atakayekosa moyo huo tutamtia ndani."

Uwanja ulijaa. Mlezi Mkuu alikaa kwenye kiti chake chini ya mwavuli. Mkurugenzi wa Makofi alisimama mbele ya majukwaa na bendera zake mbili, ya kijani ya kupiga makofi na nyekundu ya kuacha. Nami nilikuwa kibandani na karatasi zangu.

Mbio zilianza kama kawaida. Kufika mizunguko ya mwisho wagonjwa wakaanza kudondoka mmoja mmoja, kila mtu kwenye kona yake. Wakabaki wawili, Shaweji mbele, Mhoja nyuma yake. Hapo ndipo nilipoona Mhoja hajachoka.

Walipiga kengele ya mzunguko wa mwisho. Mhoja alijitokeza upande wa nje akawa sambamba na Shaweji. Waziri akasimama. Shaweji akageuza uso, akamwona, na akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya uwanjani: alitabasamu. Kisha wote wawili wakafyatuka.

Nimetangaza michezo maisha yangu yote. Sijaona mbio kama zile. Hakuna aliyemgusa mwenzake, hakuna aliyemziba mwenzake njia. Shaweji alikimbia kwa kila kitu alichojaliwa na Mungu, shingo imekakamaa, mdomo wazi, na Mhoja kando yake hakumpunguzia hata punje. Walitoka kona ya mwisho bega kwa bega. Watu wa majukwaa ya juani wakasimama bila bendera yoyote kupandishwa. Karibu na utepe Mhoja alisogeza kifua, akaukata.

Karatasi yangu ilikuwa imekwisha kumtangaza Shaweji. Redio ilikuwa mbele kidogo ya mbio, kama ilivyoagizwa, ili taifa lisikae na wasiwasi. Kwa hiyo nchi nzima ilikuwa tayari inasherehekea, isipokuwa wale waliokuwa uwanjani wanaona.

Kukawa kimya. Mkurugenzi wa Makofi alishika bendera zake zote mbili chini. Shaweji alikuwa chali kwenye nyasi, kifua kinapanda na kushuka. Mhoja akamwinua. Shaweji akaukamata mkono wa Mhoja akaunyanyua juu, akazunguka naye ili kila upande uone. Alikuwa akilia na kucheka. Kutoka majukwaa ya juani mtu mmoja akapiga makofi. Wakaongezeka. Sauti ile sijawahi kuisikia tena. Haikuwa na mpangilio wowote.

Mlezi Mkuu aliinuka akaondoka kabla ya keki.

*

Mhoja alikamatwa akiwa bado na jasho. Shtaka lilikuwa kukosa uungwana michezoni, na la pili, kuwafanya watu waliokuwa uwanjani waone tofauti na redio.

Shaweji alikwenda mahakamani kwa miguu yake, akapanda kwenye kizimba cha mashahidi.

"Mimi ndiye niliyemwomba," alisema. "Alinishinda kihalali. Kama kuna kosa ni langu. Mwacheni aende kwake."

Hakimu aliguswa sana. Alivua miwani akafuta macho. Akasema kwamba miaka yote aliyokaa kwenye kiti kile hajaona uungwana wa namna hiyo: mshindi kumtetea mtu aliyemkosea, hata kufikia kujisingizia kushindwa ili kumfichia aibu. Akaagiza shahidi avishwe Nishani ya Uungwana ya daraja la juu, pale pale. Mshtakiwa akamfunga.

"Nasema kweli!" Shaweji akapaza sauti. "Alinishinda!"

"Mnamsikia?" hakimu akawaambia watu. "Bado anaendelea."

Siwema alikuwa ameketi benchi la nyuma. Aliona mumewe akipitishwa mlango wa pembeni, na walipokutana macho Mhoja alimtikisia kichwa kidogo, kama mtu anayeaga kwenda zamu. Hakumlaani Shaweji pale mlangoni. Alimpita tu, kama mtu anavyopita nguzo.

Shaweji alimwendea baba yake. Alimkuta bustanini anamenya chungwa, amewaondoa walinzi.

"Baba, mwachie."

"Keti."

"Sitaki kuketi. Yule mtu hajafanya lolote ila kukimbia."

Mlezi Mkuu alimenya chungwa lake taratibu. "Mwanangu, mimi nimeshinda kila uchaguzi. Unajua. Kila ninapopita watu wanapiga vigelegele. Unadhani sijawahi kujiuliza wangapi kati yao wanapiga kwa kupenda?"

"Na jibu?"

"Sikulitafuta. Ndiyo maana nalala." Akamkatia mwanawe kipande cha chungwa. "Wewe ukaenda kulitafuta lako. Ukalipata. Sasa nikimwachia huyo, kesho kila mtu atataka kulijua na langu."

Shaweji hakukipokea kile kipande. Alitoka bustanini, na tangu siku ile hakukimbia tena katika mashindano. Haikusaidia. Mashindano yaliendelea na yeye aliendelea kuyashinda. Alishinda akiwa chumbani kwake, alishinda akiwa anaumwa homa, na medali zililetwa ikulu kwa gari. Mimi nilizitangaza mbio zile pia. Wakimbiaji walikuwa wakijitahidi sana wasimpite mtu ambaye hayupo.

*

Mhoja alifungwa kwenye gereza lile lile alilokuwa akililinda. Wenzake wa jana ndio waliompokea. Sajini Kihoza, mtu mnene mwenye roho nyepesi, aliyekuwa akila naye meza moja, alimkabidhi sare ya wafungwa akashindwa kumtazama.

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Ni kazi," Mhoja akamwambia. "Ningekuwa mimi ningekukabidhi vilevile."

Mwanzoni Kihoza alimruhusu kukimbia uani asubuhi kabla wafungwa hawajatolewa. Habari zikafika wizarani. Ikaja amri kwamba mtu aliyefungwa kwa kukimbia asipewe nafasi ya kurudia kosa. Akafungwa pingu za miguu. Tena, kwa kuwa magereza ya nchi yetu hayapo kwa ajili ya kutesa bali kurekebisha tabia, akaandikishwa Mafunzo ya Kuchelewa. Katika mafunzo hayo alitakiwa awe wa mwisho kwenye kila kitu: wa mwisho kupewa chakula, wakati mwingine kimekwisha, wa mwisho kufika bombani, wa mwisho kuingia chini ya paa mvua ikinyesha. Mwalimu wake alitoka wizarani na alikuwa na cheti.

Pingu zilimla vifundo vya miguu vikaoza. Mvua zikamwingia kifuani. Siwema aliporuhusiwa kumwona alimkuta anakohoa, ameinama, amekuwa mzee. Alimletea viazi vya kuchemsha. Mhoja akamuuliza habari za nyumbani, akamuuliza kama paa linavuja bado, na akamuuliza habari za Shaweji.

"Sijui na sitaki kujua," Siwema akasema.

"Usimchukie. Ni mtu mmoja tu katika nchi hii aliyetaka kujua kitu kweli."

Siwema aliangalia vifundo vya miguu ya mumewe, akafunika uso kwa khanga.

Mambo yakabadilika walipokuja wageni kutoka ng'ambo, wafadhili wa michezo, wakaulizia yule mkimbiaji wa magereza yuko wapi, maana sifa zake ziliwafikia. Mheshimiwa Mbwiga alitafakari. Akatangaza Mbio za Maridhiano. Mhoja angekimbia na Shaweji mizunguko miwili, angeshindwa mbele ya wageni, angesamehewa, na angekwenda nyumbani.

Shaweji alikataa. Alisema heri afe. Hapo ndipo Siwema alipokwenda kumtafuta, akasimama getini ikulu tangu asubuhi mpaka jua likawa kali, hadi alipotoka.

"Shemeji," alisema, na hakuwa amemwita hivyo tangu mahakamani. "Mume wangu anakufa mle ndani. Ukikimbia naye wanamwachia. Kimbia naye. Nataka afie kwenye kitanda chake."

Shaweji akapiga magoti pale barabarani, mbele ya walinzi. Siwema akamwambia ainuke, hana muda.

*

Siku ilipofika Mhoja aliletwa na gari la magereza. Kihoza alimshika mkono kumshusha. Alivaa raba bila soksi, maana soksi zilishika vidonda. Shaweji alipomwona alifunga macho.

Walisimama kwenye mstari wa kuanzia, na mimi nilikuwa karibu, nimewaletea kipaza sauti ili waseme maneno ya maridhiano waliyoandikiwa. Hawakuyasema. Nilikizima.

"Kaka," Shaweji alinong'ona, "tutakwenda polepole. Nitakushika mkono. Tutamaliza pamoja."

"Hapana."

"Huwezi kukimbia, kaka Mhoja. Nakuona."

"Nitakwenda navyoweza." Mhoja alikohoa, akatema pembeni, akapangusa mdomo. "Ukinishika mkono, utakuwa umenifanyia walichokufanyia wewe miaka yote. Mimi si mtoto wa mkubwa. Kimbia kweli. Kule chumvini kila siku wewe ndiye uliyeuona mgongo wangu. Leo niache niuone wako."

Bastola ikalia.

Shaweji alikimbia. Alikimbia kwa nguvu zake zote huku analia, pua na macho vinamtoka maji, na watu waliodhani ni sherehe walianza kupiga makofi kisha wakaacha wenyewe. Alimaliza mizunguko yake miwili Mhoja akiwa bado kwenye wa kwanza. Kwa saa ya mkononi, zilikuwa mbio zake bora kuliko zote, na ulikuwa ushindi wake wa kwanza, na alimshinda mtu aliyekwisha kuvunjwa.

Bendi ikaanza. Waziri akashuka na medali. Shaweji alisimama juu ya mstari wa mwisho akamkatalia.

"Mbio hazijaisha."

"Mtukufu, umeshashinda, wageni wana ndege ya kuwahi..."

"Mheshimiwa, mpinzani wangu bado anakimbia."

Kwa hiyo tukangoja. Mhoja alikuja akiburuta mguu mmoja, anasimama kukohoa, anaendelea. Alipita mbele ya jukwaa kuu bila kutazama juu. Alipita mbele ya majukwaa ya juani na watu wote huko walikuwa wamesimama. Bendi ikanyamaza, nadhani kwa kuwa wapuliza tarumbeta hawakuwa na pumzi. Niliona wageni wakiulizana. Siwema alikuwa ameshika waya wa uzio kwa mikono miwili.

Alipofika kwenye mstari, Shaweji hakumsogelea wala hakumvuta. Alimwacha auvuke mwenyewe. Kisha akampokea.

"Umenishinda," Mhoja akasema.

"Nimekushinda, kaka."

"Unakimbia vizuri. Nilikuwa sijawahi kukuona kwa nyuma ukikimbia kweli." Akamwegemea begani. "Haya. Nipelekeni kwa mke wangu."

*

Alifia kwenye kitanda chake kabla masika hayajaisha. Siwema alikuwa amemshika kichwa.

Mazikoni Mheshimiwa Mbwiga alifika na hotuba. Alisema taifa limempoteza mwalimu wa uungwana, kwamba marehemu ametufundisha sote namna ya kushindwa, na kwamba wizara itaanzisha nishani kwa jina lake kwa ajili ya nafasi ya pili. Alikuwa anageuza ukurasa Siwema alipoinuka kwenye mkeka.

"Mheshimiwa, samahani. Mume wangu alishinda. Siku ile ya mwanzo alishinda. Nawaomba mliseme hilo mara moja tu, halafu mtuache tumzike."

Watu waliinamisha vichwa. Maafisa wa usalama walitazamana, kwa sababu kwenye mafunzo yao hapakuwa na somo la mjane.

"Alinishinda," Shaweji akasema. Alikuwa amesimama kando ya kaburi, mikono ina udongo.

"Alishinda," akasema Sajini Kihoza, na sare yake mwilini.

Kisha mtu mwingine, na mwingine, si kwa kelele, kwa sauti ile watu wanayoitikia dua. Nilikuwa na kinasa sauti cha redio begani. Kwenye taarifa ya habari sehemu hiyo haikusikika, mafundi walisema upepo ulikuwa mkali. Mimi sikumbuki upepo.

Baada ya maziko Shaweji alimfuata Siwema hadi mlangoni kwake. Alisema atakuwa anakuja kumsaidia kazi, kurekebisha paa, chochote. Alisema yeye sasa hana nyumba nyingine anayoweza kuingia bila kuinamisha uso.

Siwema alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sikukasirikii," alisema. "Alinikataza, na nimemtii. Lakini usije, shemeji. Si sasa. Alfajiri nilikuwa nikiwasikia mkipita nyuma ya nyumba, nyayo zako na zake. Sasa nikikuona wewe, masikio yangu yanazitafuta zake."

Shaweji akasema amesikia. Siwema akaingia ndani akaurudisha mlango polepole, bila kuubamiza, na yeye akabaki uani kidogo, halafu akaondoka akitembea.